Asili na Nakala: Historia ya Kulandanisha Faili katika Kompyuta Pepe

Mwenye kushughulika na miswada ya kale ajua kwamba nakala haikai nakala. Mwenye kunakili utenzi huacha ubeti, huongeza neno, au husahihisha alichodhani kuwa ni kosa. Na baada ya vizazi viwili au vitatu mchunguzi hukuta mbele yake miswada minne, na kila mmoja wadai kuwa ndio wa kweli. Tatizo hili hili, katika sura nyingine, limewashughulisha waundaji wa kompyuta kwa zaidi ya miaka sitini. Makala haya yaeleza sehemu moja tu ya habari hiyo, yaani mambo yaliyotokea programu za kulandanisha faili zilipoingizwa katika kompyuta pepe zinazotumiwa kutoka mbali.

Yafaa vitu hivi viwili vielezwe kwanza. Programu ya kulandanisha faili hukaa ndani ya kompyuta ya mtu, ikawa inaiangalia folda moja. Faili yo yote ibadilikapo humo, programu huipeleka kwenye seva, na kutoka huko huifikisha katika kompyuta nyingine zote za mtu yule, hata zote ziwe na kitu kile kile. Kompyuta pepe, kwa upande wake, ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Ni programu iendeshwayo ndani ya mashine kubwa, nayo hujifanya kompyuta kamili yenye diski, kumbukumbu na madirisha. Mtumiaji hukaa mbali nayo. Picha ya eneokazi humjia kwa njia ya mtandao, na kila herufi anayoibonyeza hurudi kwa njia ile ile.

Kila kimoja cha vitu hivi kilikuwa chema mahali pake. Vilipokutanishwa vilileta msongamano, kuchelewa kwa kazi, na mara nyingine upotevu wa maandishi. Sababu yake haikuwa uzembe wa mafundi. Kimoja kilijengwa juu ya kukumbuka, na cha pili kikajengwa juu ya kusahau.

Juu ya maneno

Katika simu nyingi zenye maelezo ya Kiswahili, tendo hili huitwa kusawazisha. Neno la kulandanisha, lenye mzizi mmoja na kulandana, yaani kufanana, hutumika katika maandishi mengine ya ufundi. Maneno haya mawili hayana uzito mmoja. Kusawazisha ni kuondoa kilima na shimo mpaka pawe sawa, na baada ya hapo hapakumbukwi tena kwamba palikuwa na pande mbili. Kulandanisha ni kuvifanya vitu viwili vifanane, navyo vikaendelea kuwa viwili. Kwa kuwa faili iliyo katika kompyuta mbili hubaki kuwa faili mbili, na kwa kuwa shida zote zitakazosimuliwa zatokana na uwili huo, neno la kulandanisha ndilo linalofaa zaidi.

Neno pepe limekwisha kuzoeleka kwa sababu ya barua pepe. Eneokazi ni ule uso wa kompyuta ambapo faili na madirisha hupangwa, kama vile karatasi zipangwavyo juu ya meza. Istilahi za namna hii zilipata kupimwa kwa matumizi wakati mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa programu ya ofisi iitwayo Jambo OpenOffice katika mwaka wa 2004. Lakini maneno mawili yaliyo muhimu kuliko yote katika habari hii hayakuhitaji kuundwa na mtu ye yote, nayo ni asili na nakala.

Asili moja

Hapo mwanzo hapakuwa na nakala za kugombaniwa. Kompyuta za miaka ya 1950 zilikuwa chache na za gharama kubwa, na kila moja ilifanya kazi ya mtu mmoja kwa wakati mmoja. Katika mwezi wa Novemba 1961, Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, nchini Marekani, walionyesha mtambo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa pamoja. Kila mtu alipewa sehemu ndogo ndogo ya wakati wa mashine, kwa zamu za upesi sana hata akadhani kuwa mashine ni yake peke yake. Faili zake zilikaa katika mashine ile. Mtu akienda chumba kingine, akakaa penye kiti kingine, alizikuta faili zake kama alivyoziacha, kwa sababu hazikwenda po pote. Aliyehama ni mtu.

Katika mji wa Cambridge, Massachusetts, jirani na chuo hicho, wataalamu wa kampuni ya IBM walilichukua wazo hilo wakalipeleka mbele zaidi. Walianza mwaka wa 1964 kuunda mfumo wa CP-40, ambao haukugawanya wakati wa kompyuta tu, bali ulimpa kila mtumiaji kompyuta nzima ya kubuni. Kazi hiyo ilizaa mfumo wa VM/370, uliotangazwa mwezi wa Agosti 1972. Hapo ndipo kompyuta pepe ilipokuwa bidhaa ya sokoni. Hata hivyo, asili ya kila faili ilibaki mahali pamoja, na mwenye kuitunza alijulikana.

Nakala nyingi

Mambo yaligeuka kompyuta ndogo zilipoenea, khasa baada ya IBM kutoa kompyuta yake ya mtu binafsi mwezi wa Agosti 1981. Kila meza ikawa na diski yake, na kila diski ikawa na nakala zake. Barua iliyoandikwa ofisini ilichukuliwa nyumbani katika diski ya mfukoni, ikasahihishwa huko, na asubuhi yake mwenyewe hakukumbuka ni ipi iliyo mpya.

Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kilichoko Pittsburgh, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kulitazama tatizo hili kwa kina. Katika mradi wa Andrew, ulioanza kwa ushirikiano na IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980, wataalamu walitaka mfumo mmoja wa faili uweze kuhudumia kompyuta zaidi ya 5,000. Njia yao ilikuwa hii: mtu anapofungua faili, nakala yake nzima huletwa katika diski ya karibu naye, anapoifunga, mabadiliko hurudishwa kwenye seva. Seva nayo huahidi kwamba, mtu mwingine akiibadilisha faili ile, itampasha habari kila mwenye nakala. Asili ilibaki kwenye seva, na nakala ilikuwa amana ya muda.

Mwaka wa 1987 M. Satyanarayanan na wanafunzi wake wa chuo hicho hicho walianza mfumo wa Coda, nao waliuliza swali gumu zaidi: mtandao ukikatika itakuwaje? Coda ilimruhusu mtu kuendelea kufanya kazi juu ya nakala zake akiwa hana mawasiliano yo yote, na mawasiliano yarudipo, kazi zake ziunganishwe na za wenzake. Kwa kuruhusu hivyo walikubali pia hatari yake. Watu wawili waliweza kuibadilisha faili moja, kila mmoja upande wake, na hapo pakawa na asili mbili.

Katika mwezi wa Juni 1996, Andrew Tridgell na Paul Mackerras, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia mjini Canberra, walitoa programu ya rsync. Iliigawa faili katika vipande, ikakifanyia kila kipande hesabu ya kukitambulisha, ikalinganisha hesabu za pande mbili, na kupeleka vile tu vilivyotofautiana. Faili kubwa iliyobadilika ukurasa mmoja haikusafirishwa tena nzima.

Lakini mchango ulio mkubwa kwa maana ya habari hii ni wa mwaka wa 1998, pale S. Balasubramaniam na Benjamin Pierce walipoandika makala ya kuuliza kilandanishi cha faili ni kitu gani. Waliitenga kazi ya kutambua mabadiliko na kazi ya kuyapatanisha. Hoja iliyo ndani ya jambo hili yafaa ielezwe kwa mfano. Faili imo katika kompyuta ya kwanza, nayo haimo katika ya pili. Je, imeundwa hivi sasa katika ya kwanza, ndipo ipelekwe pia katika ya pili? Au ilikuwamo katika zote mbili, ikafutwa katika ya pili, ndipo ifutwe na katika ya kwanza? Kwa kuzitazama kompyuta hizo mbili peke yake, haiwezekani kujua. Lazima pawe na kumbukumbu ya tatu, yenye kueleza hali ilivyokuwa siku pande mbili zilipopatana mara ya mwisho. Kilandanishi kisicho na kumbukumbu hiyo ni kama karani aliyepotewa na daftari: aona mali ghalani, asijue iliyoingia na iliyotakiwa kutoka.

Folda moja kila mahali

Maarifa haya yalikaa mikononi mwa wataalamu mpaka Drew Houston na Arash Ferdowsi walipoanzisha kampuni ya Dropbox katika mwaka wa 2007. Houston mwenyewe amesimulia kuwa wazo lilimjia akiwa safarini kwa basi kutoka Boston kwenda New York, akagundua kuwa amesahau nyumbani kidiski chake cha faili. Huduma yao ilifunguliwa kwa watu wote mwezi wa Septemba 2008. Mtumiaji hakutakiwa kujifunza kitu. Alipewa folda moja iliyofanana na folda nyingine yo yote; alichokiweka humo alikikuta katika kompyuta zake zote. Kampuni nyingine zilifuata mkondo huo huo, na miongoni mwake Microsoft, ambayo huduma yake ya SkyDrive iliitwa OneDrive tangu mwaka wa 2014.

Chini ya urahisi huo palikuwa na masharti matatu yasiyotajwa. Kwanza, kompyuta iwe na diski yenye nafasi ya kuweka nakala nzima. Pili, daftari la kumbukumbu la programu lidumu katika diski hiyo leo na kesho. Tatu, mtu aiache kompyuta yake ikiwaka kitambo cha kutosha ili kazi yake ipate kufika kwenye seva. Kwa kompyuta ya nyumbani au ya mkobani masharti haya yalitimizwa pasipo mtu kuyafikiri, na kwa hiyo hakuna aliyeyaandika kwa wino mzito.

Eneokazi la mbali

Wakati huo huo, njia ya pili ilikuwa ikirudi polepole kwenye wazo la 1961. Ed Iacobucci, aliyekuwa mtumishi wa IBM, alianzisha kampuni ya Citrix katika mwaka wa 1989. Mwaka wa 1995 kampuni hiyo ilitoa WinFrame, iliyoiwezesha Windows NT kuwahudumia watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa na eneokazi lake. Microsoft ilipata idhini ya kuutumia ufundi huo mwaka wa 1997, na katika mwaka wa 1998 ikatoa toleo lake la Windows NT 4.0 la kuhudumia vituo vya mbali. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, ilizirudisha kompyuta pepe katika mashine za kawaida, na kufika mwaka wa 2008 iliuza mfumo wa kuwagawia wafanyakazi maeneokazi yaliyomo ndani ya seva.

Mabenki, mahospitali na vyuo viliupenda utaratibu huu kwa sababu zilizo wazi. Siri za ofisi hazikutoka nje ya jengo la seva, na kompyuta ya mezani ikiibiwa, mwizi hakupata kitu. Kazi ya kusahihisha programu ilifanywa mara moja, kwa mfano mmoja, badala ya kufanywa mara elfu. Ndipo likapatikana jambo lililopendwa na mafundi kuliko yote: kompyuta pepe isiyodumu. Mtu aingiapo asubuhi hupewa kompyuta mpya iliyonakiliwa kutoka katika mfano. Atokapo jioni, kompyuta ile hufutwa pamoja na kila kilichobadilishwa ndani yake. Kirusi kikiingia hakilali. Mpangilio ukiharibika hauonekani kesho. Kusahau kuligeuzwa kuwa fadhila.

Lakini mtumiaji mwenyewe hakutaka kusahauliwa. Kwa ajili hiyo ulitumika utaratibu wa wasifu unaosafiri, ambao Windows NT ilikuwa nao tangu miaka ya 1990. Mapendeleo ya mtu na sehemu ya faili zake zilinakiliwa kutoka kwenye seva alipoingia, na kurudishwa alipotoka. Sehemu nyingine ya wasifu, iliyohesabiwa kuwa mali ya kompyuta ile tu, haikusafiri, bali ilifutwa pamoja nayo.

Mkutano wa njia mbili

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wafanyakazi walikuwa wamekwisha kuzoea folda ya kulandanishwa katika simu na kompyuta zao wenyewe, nao walitaka kuikuta katika eneokazi la ofisi. Programu ikawekwa humo, na masharti matatu yakavunjika yote.

Sharti la nafasi lilikuwa la kwanza kuvunjika. Chukua mfano wa ofisi yenye watu hamsini, kila mmoja akiwa na gigabaiti 10 katika folda yake. Wote waingia saa mbili asubuhi katika kompyuta pepe zilizo tupu, na kila programu yaona folda haina kitu, hivyo yaanza kuijaza. Gigabaiti 500 zatakiwa kupita. Kwa njia yenye uwezo wa gigabiti 1 kwa sekunde, isiyofanya kazi nyingine yo yote, mzigo huo huchukua sekunde 4,000, yaani zaidi ya saa nzima. Jioni vyote hufutwa, na kesho yake kazi huanza upya. Isitoshe, kompyuta hizi hamsini zashiriki mashine moja au mbili. Kila programu ikifanya hesabu za vipande vyake, walio wengine huona herufi zikichelewa kutokea mbele yao.

Sharti la daftari lilivunjika kwa namna iliyofichika zaidi. Programu nyingi za kulandanisha ziliweka kumbukumbu zake katika ile sehemu ya wasifu isiyosafiri. OneDrive yenyewe, programu pamoja na kumbukumbu, ilikaa huko kwa kila mtumiaji mbalimbali. Mafundi wengine walijaribu kuihamisha folda ya mtu kwenye diski ya mtandao ili idumu, huku daftari likifutwa kila siku. Hapo kikatokea kile kilichokwisha kubainishwa mwaka wa 1998. Faili zilikuwapo, kumbukumbu haikuwapo, na programu haikuweza kupambanua kilicho kipya na kilichofutwa. Faili zilizofutwa zilifufuka, na nyingine zikapata ndugu zenye jina lile lile na nyongeza ya kueleza kwamba ni nakala ya mgongano. Tena, habari za mabadiliko hazifiki kwa uhakika kutoka katika diski ya mtandao, na kwa hiyo OneDrive haikubali kabisa folda yake iwekwe huko.

Sharti la tatu ndilo lililoumiza watu. Mfanyakazi aliandika taarifa yake mpaka dakika ya mwisho, akaihifadhi, akaiona alama ya faili mbele ya macho yake, akatoka. Kompyuta pepe ilifutwa papo hapo. Ikiwa faili ilikuwa bado katika foleni ya kupelekwa, basi haikufika, na hapakuwa na pahali pengine pa kuitafuta. Katika kompyuta ya mkobani foleni ile ingeendelea kesho. Mtu huyu hakukosa kitu. Alifanya kila alichofundishwa. Alichokosa kuambiwa ni kwamba kuhifadhi na kufikisha si jambo moja.

Kishika nafasi na kasha

Dawa zilikuja mbili, na hakuna iliyotosha pasipo mwenzake.

Ya kwanza ilikuwa kishika nafasi. Badala ya kuleta faili nzima, programu huweka jina lake, ukubwa wake na tarehe yake, na yaliyomo huletwa pale tu mtu anapoifungua. Microsoft iliweka jambo hili katika Windows 8.1, mwaka wa 2013, kisha ikaliondoa katika Windows 10, mwaka wa 2015, kwa kuwa watu walichanganyikiwa wasijue ni faili zipi walizo nazo kweli. Kampuni ya Dropbox ilitoa utaratibu wa namna hiyo mwanzoni mwa mwaka wa 2017, na Google ikafanya vivyo hivyo mwaka ule ule. Mwezi wa Oktoba 2017 Microsoft ililirudisha jambo lenyewe, safari hii likiwa limeunganishwa na kiini cha mfumo, na alama zenye kuonyesha wazi faili iliyoko karibu na iliyoko mbali. Katika mfano wa ofisi ya watu hamsini, gigabaiti 500 za asubuhi zilipungua zikawa majina na tarehe, na yale machache mtu aliyoyahitaji siku ile.

Kishika nafasi kiliondoa mzigo, hakikuondoa kusahau. Dawa ya pili ilikuwa kasha. Wazo lake ni kwamba wasifu mzima wa mtu, pamoja na ile sehemu iliyokuwa haisafiri, uwekwe katika faili moja kubwa iliyo katika seva ya kudumu, nayo faili hiyo iwe na umbo la diski. Mtu aingiapo katika kompyuta pepe yo yote, kasha lake hufunguliwa na kuunganishwa, na kompyuta huliona kama diski yake yenyewe. Hakuna kinachonakiliwa wakati wa kuingia wala wakati wa kutoka. Windows Server 2012 ilikuwa na diski za wasifu za namna hii. Kampuni ya FSLogix iliukamilisha ufundi huo, na Microsoft iliinunua mwezi wa Novemba 2018. Mwaka wa 2019 OneDrive iliweza kuwekwa mara moja kwa ajili ya watumiaji wote wa mashine, badala ya kila mmoja kubeba programu yake. Na mwezi wa Septemba mwaka huo huo Microsoft ilifungua huduma yake ya maeneokazi pepe, ambayo tangu mwaka wa 2021 yaitwa Azure Virtual Desktop.

Kwa kasha, daftari la programu lilipata pa kulala, na foleni ya faili zisizofika iliweza kuendelea kesho yake katika kompyuta nyingine. Kompyuta pepe iliendelea kusahau kama ilivyokusudiwa, ila mgeni wake sasa alikuja na sanduku lake na kuondoka nalo. Haikupita miezi mingi utaratibu huu ukapata mtihani mkubwa. Katika mwezi wa Machi 2020 Shirika la Afya Duniani lilitamka kuwa ugonjwa wa UVIKO-19 umekuwa janga la dunia, ofisi zikafungwa, na watu wengi wakaanza kufanya kazi nyumbani kwa njia ya maeneokazi ya mbali.

Mpaka mmoja ulibaki. Mtu mmoja akiingia katika kompyuta pepe mbili kwa wakati mmoja, akitumia kasha lile lile, programu mbili zitaandika katika daftari moja. Microsoft imeeleza kwamba OneDrive haitumiki kwa namna hiyo kwa hali yo yote. Kwa hiyo swali la Coda la mwaka wa 1987 halikufa. Lilizungushiwa ukuta tu.

Faida na gharama

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kompyuta pepe na folda vyote vimo ndani ya seva, kwa nini kulandanisha? Si ingetosha kuifungua faili mahali ilipo? Kwa ofisi isiyo na kifaa kingine ila eneokazi la mbali, yatosha kweli. Lakini wafanyakazi walio wengi wana simu, na wengine wana kompyuta za mkobani, nao hutaka kazi moja iwafuate kote. Zaidi ya hayo, programu nyingi za kuandikia na kuhesabia zimeundwa kutarajia faili iliyo katika diski ya karibu. Kulandanisha ni bei inayolipwa ili programu hizo zisibadilishwe.

Katika Afrika ya Mashariki hesabu hii ina upande wake wa pekee. Nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika pwani mwaka wa 2009, na ya EASSy ikaanza kazi mwaka wa 2010. Kabla ya hapo mawasiliano ya nje yalitegemea setilaiti, na eneokazi la mbali lililoko ng'ambo lilikuwa jambo gumu kutumika. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota katika Tanzania, Kenya na nchi za jirani. Siku kama hiyo hupima njia zote mbili. Eneokazi lililoko ng'ambo husimama mara njia ikatikapo. Mwenye nakala kamili katika kompyuta yake huendelea kuandika, na kazi yake hufika njia ifungukapo. Mwenye vishika nafasi peke yake huona majina ya faili zake zote, wala hawezi kuzifungua.

Kwa vyuo na maktaba zinazotunza miswada na sauti zilizorekodiwa, jambo hili si la mafundi pekee. Folda inayolandanishwa si hazina ya akiba, kwa kuwa faili ikifutwa upande mmoja hufutwa pande zote. Na kishika nafasi si nakala, hata kikiwa na jina na tarehe ya nakala. Taasisi yenye kuweka kazi zake katika maeneokazi pepe yapaswa kujua mambo matatu kabla ya kuamini: kumbukumbu ya kilandanishi yakaa wapi, ni nani anayeruhusiwa kuandika kwa wakati mmoja, na ni alama gani inayothibitisha kwamba faili imefika.

Historia iliyosimuliwa yaonyesha kuwa kila mara swali moja lilipuuzwa, likarudi. Mwaka wa 1961 asili ilikuwa moja na mahali pake palijulikana. Kompyuta ndogo zikazaa nakala zisizo na mlezi. Vilandanishi vikazilea kwa kukumbuka. Kompyuta pepe zikaja na kusahau. Na kasha likawapatanisha wawili hao kwa kuitunza kumbukumbu nje ya kompyuta. Mchunguzi wa miswada hatashangazwa na mwisho huo. Nakala hupata thamani pale tu inapojulikana imetoka wapi, lini, na kwa mkono wa nani.